Nyama Iliyokwisha Tafunwa

Karatasi ninayokusudia kuihakiki hapa ni ukurasa mmoja uliochanwa kutoka katika daftari la mistari. Imeandikwa pande zote mbili kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa mtu anayesubiriwa na basi. Juu kabisa pana neno "Bulgogi", na chini yake, katika mabano, "nyama ya moto". Mwandishi ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye alipata kibarua Dar es Salaam katika ujenzi wa Daraja la Tanzanite, lile lililojengwa na kampuni ya Korea Kusini na kufunguliwa mwezi Machi 2022. Alifanya kazi chini ya wasimamizi wa Kikorea, na siku za sikukuu zao alikaribishwa kula nao. Alirudi nyumbani na vitu viwili: jaketi la kazi lenye mistari inayong'aa, na maarifa yaliyomo katika karatasi hii.

Msomaji ana haki ya kuuliza kama maelekezo ya mapishi ni kitu cha kuhakikiwa. Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi, na mimi mwenyewe, miaka yote niliyofundisha Kiswahili sekondari, sikupata hata siku moja kuwaletea wanafunzi maelekezo ya kupika na kuwauliza dhamira yake. Hata hivyo, maelekezo ya mapishi ni utungo kama utungo mwingine. Yana mwandishi, yana msomaji aliyekusudiwa, yana yaliyosemwa na yaliyonyamaziwa. Tena yana mtihani mkali ambao riwaya haina. Riwaya mbaya unaifunga na kuirudisha kabatini. Mapishi mabaya yanakaa mezani mbele ya watu wenye njaa, na nyama imeshalipiwa.

Nieleze kwanza kwa nini niliihitaji karatasi hiyo. Mama yangu ana miaka 84, nasi tunaishi naye hapa Kwakoa, tambarare, upande wa mashariki wa milima ya Upare wa Kaskazini. Katika ujana wake alikuwa mwanamke wa kupenda nyama, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya wanaume. Leo amebakiwa na meno manne, na hayakutani. Kwa miaka mitatu hivi tulimwona akiacha kula nyama bila kusema kwamba ameacha. Kwenye harusi na kwenye matanga alipewa sahani yake kama wazee wengine. Alikula wali, akanywa mchuzi, na kipande cha nyama akakizungusha mdomoni kwa muda unaotosha adabu. Kisha kikapotea. Mke wangu ndiye aliyegundua kilikopotelea, siku moja alipokuwa akifua: pindo la kanga ya mama lilikuwa na fundo, na ndani ya fundo mlikuwa na nyama.

Tukaanza kuhangaika. Supu alikunywa, lakini supu si nyama. Ini alikula kwa furaha, ila ng'ombe mmoja ana ini moja, na wanaolitaka ni wengi. Tulinunua nyama ya kusaga mjini Mwanga, akaila siku mbili, siku ya tatu akauliza ni nani anayeumwa humu ndani hata tukapika chakula cha mgonjwa. Hapo ndipo mpwa wangu alipofika likizo ya mwisho wa mwaka, akasalimu, akakaa, akasikiliza habari za bibi yake, akasema, "Mjomba, kuna nyama hata bibi ataila." Kesho yake, kabla ya basi kupita, akaniandikia karatasi.

Sasa tuitazame. Upande wa kwanza wote unahusu viungo vya kulowekea nyama. Kwa nusu kilo ya nyama anataka vijiko 3 vya chakula vya sosi ya soya, vijiko 2 vya sukari, kijiko 1 cha mafuta ya ufuta, punje 4 za kitunguu saumu kilichopondwa, tangawizi, pilipili manga, kitunguu cha majani, na nusu ya "peasi la Kikorea" lililokunwa. Hapo mwandishi amefanya jambo jema, maana ameandika vipimo. Mama zetu wanapika kwa jicho na kwa kiganja, na kwa hiyo ujuzi wao hufa nao. Upande wa pili unaeleza jinsi Wakorea wanavyokula: wali mweupe, majani ya saladi, kipande cha nyama kinawekwa juu ya jani pamoja na kitunguu saumu kibichi, jani linakunjwa na kutiwa mdomoni lote kwa mara moja. Maelezo haya ni mazuri kweli. Yana uhai, yana kicheko cha watu waliokaa kuzunguka moto, na unaona kabisa kwamba kijana alifurahi.

Katikati ya pande hizo mbili, mstari wa mwisho wa upande wa kwanza, kuna maneno haya: "Kata nyembamba. Acha usiku kucha. Choma."

Hayo ndiyo yote aliyoyasema juu ya nyama yenyewe. Maneno sita katika karatasi nzima! Nilipokuwa nasahihisha insha nilizoea kukutana na mwanafunzi anayesimulia harusi, akaeleza viatu vya bwana harusi kwa ukurasa mzima na kumsahau bibi harusi. Nilikuwa naandika pembeni kwa wino mwekundu, "Bibi harusi yuko wapi?" Karatasi ya mpwa wangu ilistahili wino huo, ila sikuwa na hekima ya kuliona hilo siku ya kwanza. Nilifanya kama ilivyoagiza.

Peasi la Kikorea halipo Kwakoa. Hata peasi la kwetu, lile linalostawi Lushoto katika milima ya Usambara, halifiki huku ila kwa bahati. Mpwa wangu alikuwa amelifikiria tatizo hilo, akaandika pembeni: "kama halipo tumia papai bichi." Papai bichi ninalo uani. Isitoshe, kila aliyewahi kula mishikaki ya pwani anajua kwamba papai bichi ndilo siri yake, kwa hiyo niliona shauri hilo ni la mtu mwenye akili. Nikakuna kipande kikubwa kama kiganja, nikachanganya na viungo vingine, nikatia nyama niliyoikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni, nikafunika bakuli, nikaliweka mahali penye ubaridi mpaka asubuhi.

Asubuhi nilipotia mkono katika bakuli sikupata vipande. Nilipata kitu kama uji mzito. Pale ambapo kisu changu kilikuwa kimekata vinene, palibaki mabonge yenye utelezi. Pale kilipokata vyembamba, nyama ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki rangi yake tu. Tukaikaanga hivyo hivyo, kwa kuwa nyama haitupwi. Mama akapewa ya kwanza. Akatia mdomoni, akanyamaza, akameza. Kisha akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mtoto nikirudi na ndoo isiyojaa.

"Baba," akasema, "hii imekwisha tafunwa. Nani aliitafuna?"

Katika miaka yangu ya kusoma wahakiki sijakutana na hukumu fupi kuliko hiyo iliyobeba mambo mengi kama hayo. Sisi tulikuwa tumedhani shida ya mama ni ugumu wa nyama, na kwamba tukiuondoa ugumu tumemaliza kazi. Ndiyo sababu tulimpa nyama ya kusaga, na ndiyo sababu nikamwaga papai bila kipimo. Kumbe alichokuwa anakitamani ni kutafuna. Alitaka kitu kinachoshika kidogo kabla ya kuachia, kitu ambacho meno manne na fizi zinaweza kukishughulikia zenyewe na kukishinda. Nyama iliyolainishwa mpaka ikawa uji ilikuwa imemnyang'anya kazi hiyo.

Baada ya hapo nikarudi kwenye karatasi, safari hii kwa macho ya mhakiki, nikaanza kuona.

Kosa la papai ni kosa la mwandishi aliyebadilisha neno moja bila kusoma sentensi nzima. Peasi na papai si visawe. Peasi hutia utamu na majimaji, na nguvu yake ya kulainisha ni ndogo sana ikilinganishwa na ya papai. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho kazi yake ni kuvunjavunja protini, na hiki hakijui kusimama pale unapotaka kisimame. Katika mshikaki haidhuru sana. Mpishi wa Zanzibar au Tanga anakata vipande vya mraba, vinene kama pingili za kidole gumba. Utomvu unakula nje, na ndani nyama inabaki nyama. Kipande chembamba kama karatasi hakina ndani. Kikiachwa usiku kucha na papai, kinaliwa na papai kabla hakijaliwa na mtu. Ukilitumia, kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo kinatosha, na dakika 20 au 30, kisha moja kwa moja motoni. Kwa hiyo yale maneno mawili, "usiku kucha", yanawafaa wenye peasi. Sisi wenye papai yanatuangamiza.

Makosa mengine ni madogo, nitayapita haraka. Karatasi inasema "chumvi kiasi", ilhali sosi ya soya ni chumvi tupu. Anayetii atakunywa maji usiku mzima. Inasema "mafuta ya ufuta" bila kueleza kwamba Wakorea hukaanga ufuta kwanza ndipo wakamue, na harufu yote inatokana na kule kukaangwa. Mafuta ya ufuta mbichi hayana harufu hiyo. Dawa yake ni rahisi: kaanga ufuta kwenye sufuria kavu mpaka uanze kuruka, uponde kwenye kinu, utie pamoja na mafuta yoyote uliyonayo. Tangawizi haituletei taabu yoyote, maana inatoka kwa jirani zetu wa Mamba na Myamba, kule milimani Same, na kwa ukali wake nusu ya kipimo inatosha.

Lakini neno kubwa ni lile la kisu. Nimejiuliza sana kwa nini kijana mwangalifu, anayeweza kukumbuka punje ngapi za kitunguu saumu, aseme "kata nyembamba" na kupita. Sidhani kwamba ni uvivu. Jibu, nadhani, ni kwamba hakuona nyama ikikatwa. Korea nyama ya bulgogi huuzwa ikiwa imekwisha katwa, nyembamba na sawasawa, na nilipompigia simu kumwuliza aliniambia kwamba hata kule kambini ililetwa ndani ya mifuko ya barafu, tayari. Alichokiona kwa macho ni bakuli la viungo na moto. Karatasi yake imeandikwa na mlaji. Mlaji anaanzia mahali ambapo kazi ngumu imekwisha fanywa na mtu asiyeonekana.

Hapa kwetu mtu huyo hayupo. Ng'ombe wetu ni wale wafupi wenye nundu, wanaotembea mbali kutafuta maji na majani, na mara nyingi hawachinjwi mpaka wazeeke au ukame uwatishe wenyewe. Ng'ombe anachinjwa alfajiri, saa moja nyama iko buchani, saa sita iko chunguni. Nyama ya mnyama aliyechinjwa hukakamaa katika saa za kwanza na huhitaji kutundikwa mahali penye ubaridi siku kadhaa ndipo ilegee. Katika joto la tambarare, nani atatundika nyama siku kadhaa? Halafu mwuza bucha anakata kwa shoka na panga, kwa kufuata mzani. Kwake kuna steki na kuna mchanganyiko, basi. Ukimwambia unataka kipande kirefu cha sarara au cha paja, mnofu mmoja usiokatwa-katwa, anakutazama kama mtu anayetaka kumfunga mdomo mzani wake. Mimi nilikwenda mara mbili, mara ya tatu akanipa ili niondoke.

Mke wangu ndiye aliyetatua suala la kisu. Alinitazama nikihangaika, akasema, "Mwalimu, wewe unakata nyama au unailaumu?" Akaninyang'anya. Wanawake wetu wana ujuzi ambao hatuuhesabu kuwa ujuzi, nao ni ule wa kukata mboga. Anashika fungu la sukuma mkononi, bila ubao, na kisu kinapita kinatoa nyuzi nyembamba kama za kushonea. Lakini hata yeye aliona nyama mbichi inateleza na kukwepa. Tukaipeleka kwenye duka la soda lenye friza, tukaomba ilale humo muda wa saa moja na zaidi kidogo, mpaka ikawa ngumu kama mche wa sabuni ya kufulia. Hapo kisu, baada ya kunolewa kwa tupa na kumaliziwa kwenye jiwe, kilipita kama kinavyopita kwenye sabuni.

Na kuna jambo moja ambalo lingeandikwa katika mstari wa kwanza wa karatasi, ningemsamehe mwandishi mengine yote. Nyama ina nyuzi. Ukiitazama kwa makini unaziona zimelala upande mmoja kama majani ya paa la nyasi. Ukikata kwa kuzifuata, kipande chako, hata kiwe chembamba namna gani, kimejaa nyuzi ndefu, na mtu mwenye meno manne atapambana na kila mmoja. Ukizikata kwa kuzikingama, kila uzi unabaki mfupi kama upana wa kipande, milimita mbili au tatu, na hauna pa kushikilia. Kisu kimekwisha fanya nusu ya kutafuna, na nusu imeachiwa mlaji. Hiyo nusu iliyoachwa ndiyo mama aliyokuwa akiidai.

Nimesoma kidogo juu ya chakula hiki, nikakuta kwamba jina lake, "bul" kwa maana ya moto na "gogi" kwa maana ya nyama, si la kizamani kama mpwa wangu alivyoniapia. Yeye aliniambia kwamba hata Jumong alikula bulgogi. Wasomaji wengi watamkumbuka Jumong wa ule mchezo wa Kikorea wa mwaka 2006, ambao sahani zake za DVD zilizunguka nchi nzima, vijana wakakesha. Wako wanaosema kwamba asili ya bulgogi ni nyama iliyoitwa maekjeok, ya watu wa Goguryeo, ufalme ambao kwa mapokeo ulianzishwa na Jumong huyo, na kwamba nyama hiyo ilichomwa kwenye vijiti. Kama ni kweli, basi babu wa bulgogi ni mshikaki, na sisi si wageni katika ukoo huo. Baadaye, mwishoni mwa enzi ya Joseon, vitabu vya mapishi vinataja neobiani, nyama iliyokatwa kwa upana na wembamba na kulowekwa. Kilichonivutia zaidi ni habari kwamba wafalme wa Joseon walikataza tena na tena kuchinja ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe alikuwa wa kulima. Nyama iliyopatikana katika nchi ya namna hiyo haiwezi kuwa ilikuwa laini siku zote. Leo Wakorea wana ng'ombe wao, Hanwoo, anayelishwa zizini mpaka nyama yake inakuwa na mafuta yaliyotawanyika kama theluji, na huyo unaweza kumkata utakavyo. Ila mimi naamini, na haya ni mawazo yangu tu, kwamba ule wembamba ulibuniwa na watu waliokuwa na ng'ombe mzee wa jembe na wazee wenye meno yaliyokwisha.

Nirudi Kwakoa. Tulipoweka sahani ya kwanza ya vipande vyembamba mezani, jirani aliyekuja kuazima toroli alichungulia akacheka mpaka akakaa. Akasema sasa Wapare tumepata chakula chetu: nusu kilo, watu tisa, na nyingine imebaki! Msomaji anajua tunavyosemwa. Inasemwa kwamba Mpare atauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Nilicheka naye, lakini nikakiri moyoni kwamba hapo amegusa udhaifu wa kweli wa chakula hiki kati yetu. Kwetu heshima ya mgeni inapimwa kwa ukubwa wa kipande na kwa mfupa uliomo. Kipande kinachoonyesha mkono wa pili wa meza unapokiinua ni tusi. Mzee wa ukoo hawezi kupewa nyama iliyokatwa kama mboga ya majani mbele za watu, hata kama ile anayopewa ataificha katika pindo la nguo. Bulgogi haitafaa harusini kwetu, wala sitaki ifae. Ni chakula cha nyumbani, mlango umefungwa.

Kuna na suala la nani apike. Nyama ya uani juu ya mkaa ni kazi ya wanaume. Nyama ya chunguni ni kazi ya wanawake. Chakula hiki kinataka kisu cha mwanamke na moto wa mwanamume, na siku ya kwanza tulisimama wawili mbele ya jiko moja tukigombea koleo. Karatasi inasema "choma" tu. Ukiweka vipande hivyo juu ya waya vinaanguka majivuni kimoja kimoja. Wakorea wana kikaango chao maalumu, kilichoinuka katikati kama kofia. Sisi tulitumia kikaango cha chapati, kikavu, juu ya mkaa uliokolea. Vipande vinatandazwa bila kubanana, vinageuzwa mara moja, dakika moja kila upande, basi. Vikibanana vinatoa maji na kuchemka, nawe umepika mchuzi mbaya. Vikikaa zaidi sukari inaungua na kuwa chungu. Huwezi kwenda kufungua mlango.

Ama kuhusu kuilia na nini, namsahihisha mpwa wangu kwa upole. Wali unaifaa sana, na mchele wa Ndungu, kule Same, unaupita ule mweupe usio na harufu anaousifu. Majani ya saladi hatuna, jani changa la kabichi lililopitishwa kwenye maji ya moto linatosha. Kwa ugali haifai. Nilijaribu, nikajaribu tena kwa uzalendo, haifai. Ugali unataka mchuzi na unataka chumvi iliyonyooka, na nyama hii ina utamu unaouacha ugali ukining'inia peke yake. Kwa makande sijathubutu, mama yupo.

Mara ya tatu ilikuwa siku ya Jumapili. Nyama ya paja, robo tatu, imekatwa kwa kukingama, imelowekwa muda wa saa moja kwa kitunguu maji kilichokunwa badala ya papai. Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na jiko, akawa anapewa vipande viwili viwili kutoka kikaangoni, kwa kuwa vikipoa vinakaza. Alitafuna. Ilichukua muda, taya likizunguka upande wa kushoto ambako meno mawili yako karibu karibu, na sisi tukijifanya tunaongea habari za mvua. Sikuhesabu, mke wangu alihesabu: vipande kumi na vinne. Jioni akakagua pindo la kanga. Halikuwa na fundo.

Mama hakusifu. Alinawa mikono, akauliza ni nani aliyetia sukari katika nyama, na kama huko Korea hawana chai ya kuitia. Kisha akaomba mfupa, si wa kula, wa kushika tu wakati akizungumza.

Nimechukua karatasi ya mpwa wangu nikaisahihisha kwa wino mwekundu, kama zamani. Pale penye vijiko 2 vya sukari nimeandika nusu kijiko. Chumvi nimeifuta. "Usiku kucha" nimeifuta. Papai nimelipa dakika zake. Juu ya "kata nyembamba" hapakuwa na nafasi ya kutosha, nikabandika karatasi nyingine, na mke wangu akaniamuru maneno: ng'ombe gani, sehemu gani, barafu muda gani, nyuzi zinalala upande gani, kisu kinakwenda upande gani. Nilipomsomea mpwa wangu kwenye simu, alinyamaza kidogo, akasema, "Mjomba, hiyo sasa si bulgogi." Nikamwambia aje Jumapili, abishane na bibi yake.